Ridim ya Stoo ya Mchele

Kinyozi wa chini ya fleti yetu Kayole hakuwa na saa ukutani, lakini sisi watoto wa ghorofa zote tulijua saa za Jumapili kwa nyimbo zake. Asubuhi aliweka rege ya polepole, ile yenye Zaburi ndani, na hata mama zetu waliokuwa wakipiga pasi nguo za kanisa waliitikia bila kujijua. Mchana besi ilikuwa imeshashika ukuta na vikombe vinagongana kabatini. Jioni ndipo dancehall ilipoingia, mtu akiongea juu ya ngoma kwa kasi kama anayedai haki yake, nasi tukamwagika kwenye korido kucheza mpaka jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio.

Tuliimba maneno yote na hatukujua maana ya hata moja. Patwa, lugha ya mitaani ya Jamaika, iliingia masikioni ikatoka mdomoni imekuwa kitu kingine kabisa. Kila ghorofa ilikuwa na maneno yake, na tuligombana kweli kweli juu ya nani anaimba sawasawa. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alitukemea kwa sababu ya hiyo Patwa, kisha mwalimu wa Kiswahili akaingia kipindi kilichofuata akatukemea kwa sababu ya Sheng. Nilikuwa mdogo, lakini niliwaza kwamba hizi lugha mbili lazima ni ndugu. Zote zimezaliwa uani, zote hazitakiwi darasani, na ukizisikia zote mbili mwili hautulii.

Baba hakutaka kusikia habari hizo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Industrial Area, mtu wa kanisa, mtu wa kulala mapema, na kwake rege na moshi wa bangi vilikuwa kitu kimoja. Jumapili akirudi kutoka ibadani alifunga madirisha yote ya upande wa kinyozi hata kama jua lilikuwa linatuchoma ndani. Muziki wake ulikuwa mwomboko, densi ya zamani ya kwao Murang'a, kodiani ikilia na mtu mmoja pembeni akigonga pete kubwa ya chuma kwa nondo fupi. Pete hiyo huitwa karing'aring'a, na ukiitamka vizuri umeshaisikia. Yake aliirithi kwa babake. Aliiweka chini ya kitanda ndani ya mfuko wa unga, akaitoa kwa sherehe tu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana wa duka la jumla lililopakana na kinyozi. Familia yao ni Wasomali waliozaliwa hapa hapa Nairobi. Mama yake ndiye aliyeendesha duka, akiuza mchele, sukari na unga wa ngano kwa magunia, na nyuma ya duka kulikuwa na stoo ndefu isiyo na dirisha. Tulipokua, huyu rafiki yangu alikuwa anasomea uhasibu, na laptopu ilinunuliwa kwa ajili ya uhasibu. Uhasibu ulifanyika, sikatai, na mitihani aliipita yote. Lakini alipomaliza hesabu alifungua programu nyingine, ile ya kutengenezea muziki, akajifungia stoo na hedifoni zake juu ya ushungi.

Stoo ile ilikuwa studio bora kuliko zote Kayole, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi. Magunia ya mchele yalipangwa mpaka karibu na dari, na mchele unameza mwangwi. Ukipiga makofi mle ndani, sauti inakufa papo hapo, safi, kama imekatwa kwa kisu. Nje boda boda zinapiga honi, kinyozi anapiga besi, mtu anagombana na caretaker wa fleti, lakini ukifunga ule mlango husikii ila pumzi yako.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kibarua kwenye kiwanda cha sabuni. Nilirudi jioni nikinukia limau ambalo halijawahi kuona mti. Siku moja nilipofika tu kwenye lango la ploti nikamwona amesimama mlangoni mwa duka, viatu kaacha ndani, ananipungia mikono yote miwili.

"Kuja! Kuja haraka! Kuja usikie kitu!"

"Acha nioge kwanza."

"Utaoga baadaye, hii haingoji!"

Akanivuta mpaka stoo, akanikalisha juu ya gunia, akanipa upande mmoja wa hedifoni, yeye akachukua upande wa pili. "Usisikilize mwimbaji," akasema. "Sikiliza ngoma tu."

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa dancehall, wa Jamaika yenyewe. Yeye akagonga gunia kwa kidole, taratibu: dum, ka-dum, ka. Dum, ka-dum, ka. Nikatingisha kichwa. Hilo nililijua tangu tumboni.

Akabadilisha. Sasa ikaja sauti ya mwanamume akiimba Kihispania, wimbo uliokuwa ukipigwa kila mahali mwaka huo, kutoka huko Amerika ya Kusini. Kidole chake hakikusimama wala hakikubadilika. Dum, ka-dum, ka. Nikamtazama. Akabadilisha tena: Lagos. Kidole kile kile. Akabadilisha: msichana wa London, sauti laini kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kidole kile kile. Kisha staa mmoja wa Marekani, yule ambaye hata mamangu alijua uso wake kwa sababu ya matangazo. Kisha Dar es Salaam. Mwishowe akaweka wimbo wa zamani wa vijana wa hapa hapa Eastlands, wimbo tuliouchezea korido tukiwa na meno ya maziwa, wa Sheng tupu, na mimi mwenyewe nikaanza kugonga gunia kabla hajanyoosha mkono.

"Ni ile ile!" nikapiga kelele.

"Ni ile ile, walai!" Alikuwa amesimama sasa, anatembea kati ya magunia. "Unajua kile kisiwa ni kidogo namna gani? Ukikitafuta kwenye ramani kidole kinakifunika. Na angalia! Dunia nzima inacheza kwa mwendo wao. Wengine wanajua, wengine hata hawajui wanacheza nini!"

"Na rege je?"

"Rege ndiyo mama yake." Akaweka wimbo wa polepole, mmoja wa zile za asubuhi za kinyozi. "Hesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Umesikia pale kwenye moja? Hakuna kitu. Wameacha wazi. Mahali kila mtu angepiga ngoma kwa nguvu, wao wamenyamaza. Ndiyo maana mguu wako unaenda wenyewe, unatafuta kujaza lile shimo."

Nilihesabu. Kweli palikuwa na shimo. Miaka yote hiyo nilikuwa naanguka ndani ya lile shimo kila Jumapili bila kujua lipo. Nikacheka kwa sauti, tukaanza kugonga magunia wote wawili, yeye rege, mimi dancehall, mpaka mlango ukafunguliwa na mama yake akasimama pale, mikono kiunoni.

"Nyinyi! Mchele wangu si ngoma! Gunia likipasuka mtaokota punje moja moja!"

"Samahani, Mama," nikasema.

Akatutazama, akaitazama laptopu, akauliza, "Na huyo anayeimba ni nani?" Akasikiliza kidogo, bega lake likacheza mara moja tu, kisha akaondoka zake. Hakutukataza tena.

Jioni hiyo ndipo tulipoamua kutengeneza wimbo wetu. Rafiki yangu alisema kila nchi iliyopokea ile ngoma iliongeza kitu cha nyumbani: wale wa Kihispania waliongeza magitaa yao, wale wa Lagos wakaongeza ngoma zao. "Sisi tutaongeza nini?" aliuliza. Mimi nilichokuwa nacho ni maneno. Fleti yetu haikuwa na maji juu. Yalikuja kwenye bomba la chini, siku yapendayo yenyewe, na yakija mtu wa kwanza kuyaona alipiga kelele, na wanawake wote wakashuka na mitungi ya njano. Kupanda nayo ndiyo kazi. Nilikuwa nimepanda ngazi zile tangu utoto nikivuta pumzi kwa mpigo, hatua, hatua, pumzi, na nilipoiweka pumzi ile juu ya ridim aliyoitengeneza rafiki yangu, ngoma na besi tupu, ilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

*Shika mtungi, panda nao,
usimwage, panda nao,
ghorofa ya tano si mbinguni,
panda nao!*

Beti zilikuwa za Sheng, za kasi, nikimtania caretaker, nikimsifu mama mjamzito wa ghorofa ya nne aliyebeba mtungi mkubwa kuliko wangu. Tulirekodi stoo, mimi nimezungukwa na mchele, yeye akinionyesha kwa vidole lini niingie. Tulipousikiliza tukarukaruka. Tukausikiliza tena. Mara ya tatu akavua hedifoni.

"Ni kopi," akasema.

"Wewe! Maneno yote ni yangu!"

"Maneno, ndiyo. Sauti yako, ndiyo. Lakini ngoma ni kopi. Mtu wa Jamaika akisikia hii atadhani ni kaka yake ameshikwa na homa." Akakunja uso. "Kuna kitu hakipo."

Kitu hicho alikiona kwa macho yake Jumamosi iliyofuata. Binamu yangu alikuwa anatolewa mahari, wageni wakajaa uani, na rafiki yangu akaja na sinia la sambusa kutoka kwa mama yake. Chakula kilipoisha, mjomba mmoja akafungua kodiani, na Baba akaingia ndani akatoka na mfuko wa unga. Akaitoa pete, akaitundika kwenye kidole gumba ili mlio usizimike, akaanza. *King'i-ring'i, king'i-ring'i.* Wazee wakashikana mabega wakacheza, hatua mbili na kuinama.

Nilikuwa nagawa soda. Nikamwona rafiki yangu amesimama katikati ya uani, sinia tupu kifuani, mdomo wazi. Hakuwa anawatazama wachezaji. Alikuwa anautazama mkono wa Baba.

Wageni walipopungua alimwendea. "Baba, shikamoo," akasema, kwa adabu zote. "Naomba uje stoo kwetu na hicho chuma. Nataka kukirekodi."

"Kukirekodi kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Kwa wimbo wa dancehall. Ni ya ukoo mmoja na rege."

Baba akaifunga pete ndani ya mfuko. "Msichana wangu, mimi nakuheshimu, na mama yako namheshimu. Lakini hiki chuma kilikuwa cha baba yangu. Hakiwezi kuingia kwenye mambo ya bangi."

"Wimbo ni wa maji, Baba," nikasema mimi.

"Maji gani?"

"Maji ya kupandisha ngazi. Mama yumo ndani. Yule mama wa ghorofa ya nne yumo ndani."

Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni alikokuwa akisugua masufuria. "Nenda ukasikie kama kweli nimo! Kama wamenisema vibaya uniambie!"

Alikwenda kesho yake baada ya kanisa, akiwa bado na koti na tai, mfuko wa unga mkononi. Aliingia stoo akatazama magunia kana kwamba amekuja kuyanunua. Rafiki yangu akamvalisha hedifoni kwa mikono miwili, polepole, akaiwasha ridim bila sauti yangu, ngoma na besi peke yake.

Baba alisimama bila kusogea. Ridim ikaisha. "Tena," akasema, akatoa pete na nondo kwenye mfuko. Ikachezwa tena. Safari hii mkono wake wa kulia ukaanza kutembea hewani, ile nondo ndogo ikinyanyuka na kushuka bila kugusa pete. Kisha akavua upande mmoja wa hedifoni na kutuuliza, kwa mshangao wa kweli:

"Huyu mpiga ngoma mbona ananiachia nafasi?"

Rafiki yangu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nikamshika bega.

"Ndivyo ilivyo, Baba," akasema. "Nafasi ni yako. Ingia."

Baba akaingia. Hakufundishwa mahali pa kugonga. Alipitia kwenye matundu ya ile ngoma kama mtu anayepita kwenye ua wa jirani aliyemzoea. *Ring'i* pale palipokuwa kimya, *king'i-ring'i* pale besi ilipovuta pumzi. Chuma kile kililia ndani ya stoo bila mwangwi, kikali na kitamu. Ngoma ya kisiwani ikaketi na chuma cha Murang'a, na haikuwa kopi tena. Haikuwa mwomboko wala haikuwa dancehall ya watu. Ilikuwa Kayole. Rafiki yangu alikuwa analia na kucheka huku akibonyeza vitufe, na Baba, na tai yake, alipomaliza akasema kwa ukali wake wa kawaida, "Mmeweka sauti ya chini mno. Rudia."

Wimbo ulipokamilika tuliupeleka Makadara. Kulikuwa na dijei wa rege aliyepiga muziki kila Jumapili mchana kwenye ukumbi wa mtaa, si mbali na mahakama, na watu wa mitaa yote ya Jogoo Road walikuwa wakimfuata. Alikuwa mtu mkali kuhusu nyimbo zake. Aliichukua flashi yetu kwa vidole viwili.

"Leo mmechagua siku mbaya," akasema. "Kuna mgeni. Mpiga besi kutoka Jamaika yenyewe, yuko na ile bendi iliyokuja kupiga shoo mjini. Analetwa hapa kuona mtaa. Sitaki aibu."

"Sikia tu," rafiki yangu akamwambia.

Akasikia kwa hedifoni. Akaiweka ile flashi mfukoni mwa shati, upande wa moyo, akatuambia tungoje.

Mgeni alipofika, ukumbi mzima uligeuka kumtafuta rasta mwenye nywele za kufika kiunoni. Akaingia mwanamke wa makamo, nywele fupi, miwani, raba nyeupe. Ungemwona Buruburu ungedhani ni mwalimu wa hesabu. Akapewa kiti karibu na spika. Akakisukuma kando akasimama.

Baba alikuwa amekuja nasi, "kuhakikisha mnarudi," alivyosema, lakini alikataa kuingia ndani. Alibaki mlangoni kwa mama aliyeuza viazi karai na kachumbari. Ule mfuko wa unga ulikuwa kwapani. Mama alipomuuliza nyumbani kwa nini anaubeba, alijibu kwamba nyumba ikibaki bila mtu wezi huja.

Dijei akauweka wimbo wetu bila kutangaza jina. Ngoma ikaingia, kisha chuma. Nikaona vichwa vinanyanyuka. Kisha sauti yangu mwenyewe ikatoka kwenye spika ndefu kuliko mimi, na kabla kiitikio cha kwanza hakijaisha watu wakaanza kupiga kuta. Eastlands wimbo ukiwa mkali watu hawapigi makofi, wanapiga ukuta kwa viganja, na dijei hana budi kuusimamisha na kuurudisha mwanzo. Akaurudisha. Wakapiga tena. Akaurudisha tena! Msichana mmoja mbele aliweka mkono begani kana kwamba ana mtungi, akainama, akapanda ngazi isiyokuwepo, na mstari mzima nyuma yake ukafanya vilevile. Densi ikazaliwa pale mbele ya macho yangu na hakuna aliyeifundisha.

Mgeni akamkamata dijei mkono. Muziki ukapunguzwa. "Hicho chuma," akauliza kwa Kiingereza cha polepole, "ni nini?"

Dijei akanisukumia kipaza sauti. Nilitaka kumkaribisha kwa lugha yake, na Patwa pekee niliyokuwa nayo ni ile ya nyimbo, basi nikachomoa sentensi moja niliyoiimba tangu utoto, nikaitoa kwa heshima kubwa. Yule mwanamke akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Baadaye alinieleza kwamba, kwa jinsi alivyoelewa yeye, nilimwambia mbuzi wangu amekaa juu ya redio.

"Ni chuma cha babake," rafiki yangu akaokoa jahazi. "Na babake yuko hapo mlangoni."

Watu wakageuka. Baba akajaribu kurudi nyuma, lakini umati ulikuwa umeshafunguka kama mlango. "Mzee! Mzee! Mzee!" wakaimba. Akaja mbele akirekebisha koti lake. Yule mgeni akamwinamia kidogo, akaipokea pete kwa mikono miwili, akaigonga, akafumba macho akasikiliza mlio mpaka ukaisha.

Kisha akatuambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kwao mashambani, kabla rege haijawa rege, wazee walipiga gitaa na ngoma, na mtu mmoja alichukua kikwaruzo cha jikoni akakikwaruza kwa kijiko. Bibi yake alikuwa akikwaruza hivyo, akijaza nafasi zile zile ambazo Baba alikuwa anazijaza. "Nani ana kikwaruzo hapa?" akauliza.

Nikakimbia mlangoni. Yule mama wa viazi karai alikuwa anakitumia kwa karoti za kachumbari. "Kikirudi kimelala meno," akaniambia, "utanijua mimi ni nani!" Lakini alikitoa, na akaacha sufuria lake akanifuata ndani aone kinakwenda wapi.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Rafiki yangu alifungua laptopu juu ya meza ya dijei, ushungi wake umebanwa vizuri, uso umetulia kama anapiga hesabu za duka. Akaachia ridim. Baba akaingia na chuma. Mgeni akaingia na kikwaruzo na kijiko cha chai, *kwaru-kwaru*, na wale wawili wakatazamana wakaanza kuongea bila kinywa, huyu akiuliza, huyu akijibu. Rafiki yangu alipoona hivyo akaondoa ngoma. Akaondoa besi. Vikabaki chuma na kikwaruzo peke yake, na ukumbi wote ukanyamaza, watu wakisikiliza vyombo viwili vya nyumbani kana kwamba ni redio inayotangaza matokeo.

Kisha akairudisha besi.

Niliisikia magotini. Watu waliruka wote pamoja, kuta zikapigwa, vumbi likashuka kutoka darini, na mimi nikaimba kwa nguvu zote za ngazi zote nilizopanda. *Ghorofa ya tano si mbinguni!* nikasema, na watu wakajibu, *panda nao!* mpaka sikuisikia sauti yangu. Mama wa viazi alikuwa mbele kabisa, aproni kiunoni, amebeba mtungi wa hewa. Na Baba, aliyefunga madirisha miaka yote ile, alikuwa ametupa koti juu ya spika na jasho linamtiririka, akimpigia kelele dijei, "Rudisha mwanzo! Rudisha!"

Tulitoka nje jua bado liko juu, masikio yanavuma. Mgeni akamwomba rafiki yangu ile sauti ya chuma peke yake, ili akaifanyie kazi kwao. Rafiki yangu akasema mwenye chuma ndiye aombwe. Baba akafikiri.

"Mwambieni nina sharti moja," akasema. "Wimbo usiwe wa bangi."

Tulipomtafsiria, yule mwanamke akaweka mkono kifuani akaapa kwamba utakuwa wa bibi yake. Wakapeana mikono.

Wimbo wetu uliondoka Makadara kabla sisi hatujafika nyumbani. Wiki haikuisha nikausikia kwenye simu ya mtu asiyenijua, langoni kwa kiwanda cha sabuni, vibarua wakipanda ngazi ya hewa wakingoja kuitwa. Ulipigwa harusini na kwenye mechi za mtaani, na mtu mmoja aliuweka kwenye video ya mbwa wake. Rafiki yangu alimaliza uhasibu, na sasa ana chumba cha kurekodia kando ya Spine Road. Kuta amezizungushia magunia kwa sababu anasema sponji za dukani hazina masikio. Waimbaji wanatoka Kampala na Mwanza kuja kutafuta ridim yenye chuma. Mimi naimba, na siku hizi nalipwa kuimba.

Na wa mgeni ulitoka pia. Tulijua utatoka, hatukujua lini. Nilikuwa studio na rafiki yangu tukibishana kuhusu kiitikio kipya, simu ikalia, Baba. Hanipigii akiwa kazini hata siku moja. Nikadhani ameumia.

"Wako redioni!" alikuwa anapiga kelele. Nyuma yake karakana nzima ilikuwa inasaga na kugonga. "Yule wa Jamaika! Wameweka chuma mwanzo kabisa, kabla ya ngoma! Nimewaambia hawa watu ni mimi, hawaamini! Subiri, nasogeza simu!"

Rafiki yangu akaegemeza sikio lake kwenye langu. Tukasikia msumeno unakata bati, tukasikia mtu anacheka, tukasikia nyundo. Muziki hatukuusikia hata kidogo.

"Mnasikia?" Baba akauliza. "Mnasikia nilivyoingia hapo?"

"Tunasikia, Baba!" tukampigia kelele wote wawili, tukishikana mikono, tunaruka. "Tunasikia!"